Bei ya Jua

Asubuhi, kabla hujamwona mwenyewe, utaiona sufi yake. Inachungulia juu ya ukuta wa uani, nyepesi kama pumzi ya mtoto, inavuka kichochoro, inatua kwenye nguo za jirani, kwenye ndoo ya maji, kwenye kope za mpita njia. Ukimuuliza mtu yeyote mtaani ni nini kile kinachoelea, atakujibu bila kuinua kichwa: "Mama Sufi ameamka."

Hilo ndilo jina lake. Mgeni mmoja alipolisikia kwa mara ya kwanza alidhani ni mwanamke mcha Mungu aliyeipa dunia kisogo, akaja kuomba dua. Akamkuta amekaa kitako uani, miguu ameinyoosha, kichwa cheupe pe, si kwa mvi bali kwa sufi, anachambua mbegu.

"Dua sina," Mama Sufi alimwambia. "Mto ninao. Ukilala vizuri utaomba mwenyewe."

Yule mgeni aliondoka na mito miwili.

Kazi yake ni kushona mito na magodoro, na kazi hiyo huanza kwa jua na kuisha kwa jua. Sufi, ile pamba ya mti wa msufi, huja ndani ya magunia, imebanana, imebeba mbegu na harufu ya ghala. Huimwaga kwenye mkeka mkubwa, huifunika kwa wavu ili upepo usiondoke nayo, kisha huiacha iote. Sote husema kuota jua, lakini Mama Sufi hulitamka neno hilo taratibu, kana kwamba sufi imelala na inaota ndoto. Na ukikaa pale mchana ukikolea, utaanza kuamini. Sufi huumuka. Wavu hupanda kidogo kidogo, hushuka upepo ukipita, hupanda tena, kama kifua cha mtu aliyezama usingizini. Hapo uwanja mzima husinzia. Paka husinzia. Hata kelele za barabarani hufika pale zimechoka.

Anayeuamsha uwanja ni wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwanamke mfupi mwenye mdomo usiolala. Yeye ndiye huichapa sufi kwa fimbo mbili nyembamba, tapu, tapu, tapu, mpaka madonge yote yaachane. Waliishi pamoja hata baada ya marehemu kuondoka, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba wangeweza kuishi mbalimbali.

"Wifi, polepole," Mama Sufi husema. "Hiyo ni sufi, si mke mwenza."

"Mke mwenza ningempiga polepole," wifi hujibu. "Huyu ananiingia puani."

Uwanja huo zamani ulikuwa na jua tele. Marehemu alipokuwa hai walitandika mikeka mitatu kwa wakati mmoja. Nyuma ya ukuta palikuwa na jengo fupi la maduka, mgongo wake upande wao, uso wake upande wa barabara kuu. Kisha mwenye jengo akaongeza ghorofa, akaongeza na nyingine, na kivuli chake kikaruka ukuta. Kilianza kwa kulala pembeni kama mbwa mgeni. Siku hizi jua likishapita utosini tu, kivuli hufunika zaidi ya nusu ya uwanja, na mkeka uliobaki ni mmoja. Hakuna mahakama duniani inayopokea kesi ya kivuli. Mtu anaweza kuchukua jua la familia nzima, akapongezwa kwa maendeleo.

Lakini Mama Sufi hakuwa na kinyongo na jengo lile. Alilipenda, kwa sababu ya kioo.

Upande wa barabara kuu, jengo lilikuwa na duka la pembeni lenye dirisha la kioo kutoka chini mpaka juu. Alipokuwa mchumba, yeye na fundi wake wa magodoro walikuwa wakipita pale jioni. Ndani ya kioo kulikuwa na kitanda kimetandikwa vizuri, taa imewaka juu yake, na hakuna mtu aliyelala. Fundi alisimama, akaweka kiganja kwenye kioo.

"Siku moja," alisema, "godoro letu litalala hapa."

Fundi alifariki kabla ya siku hiyo. Kiganja chake, kwa macho ya mkewe, hakikuwahi kufutika. Miaka yote hiyo Mama Sufi aliota ndoto moja: amesimama ndani ya kioo, sufi inaelea kote kama theluji ambayo hajawahi kuiona, na watu wa nje wametulia, wamefumba macho wakiwa wamesimama.

Basi siku duka lile lilipobaki tupu, mwenye jengo mwenyewe alipiga hodi uani. Mtaani wanamwita Mzee wa Funguo, kwa sababu hutembea na funguo nyingi kiunoni na husikika kabla hajaonekana.

"Mama Sufi, nimekukumbuka," alisema. "Marehemu aliniulizia duka lile mara ngapi! Laki tatu kwa mwezi. Nusu mwaka unanilipa mkononi, mengine baadaye. Nakungoja mpaka mwisho wa mwezi. Ukishindwa nampa kijana wa simu."

Alipoondoka, wifi alizishusha fimbo zake.

"Nusu mwaka mkononi. Unazo?"

"Ninazo."

"Zile za akiba?"

"Zile."

"Zote?"

Mama Sufi alikuwa anatazama juu ya ukuta, mahali ambapo unyuzi mmoja wa sufi ulikuwa unapanda kuelekea ghorofani, ukiwaka kwa jua, ukizima, ukiwaka tena.

Niseme ukweli kuhusu biashara yao, maana siandiki ngano. Walikuwa hawajui inawapa nini. Walijua inawalisha, basi. Mama Sufi aliamini magodoro ndiyo yanayoleta hela, kwa sababu hela ya godoro huja kwa pamoja, noti kubwa kubwa zilizonyooka, na mtu huzishika akajisikia ameshika kitu. Hela ya mito huja imekunjwa, chenji chenji, na kabla haijakaa imeshageuka sabuni, sukari, nauli. Kwa hiyo mtu akija kuulizia mito wakati mkeka una sufi ya godoro, wifi alimwambia, "Rudi keshokutwa." Na mwenye kuambiwa arudi keshokutwa, wakati mwingine hurudi, na wakati mwingine hukutana njiani na mito ya sponji.

Wiki ile ile chama cha wafanyabiashara wadogo kiliandaa semina katika darasa la shule ya jirani. Mama Sufi alienda kwa sababu alitaka kumuuliza mwalimu wa semina namna ya kupanga duka lenye kioo. Wifi alienda kwa sababu alisikia kuna soda.

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana mwenye chaki masikioni na mikononi, anayesema kwa moto kama anayegombana na umaskini ana kwa ana.

"Mali bila daftari," alisema, na darasa zima likamalizia, "hupotea bila habari!"

"Yetu inapotea na habari tunazo," wifi alinong'ona.

Dirisha lilikuwa wazi, mchana ulikuwa mzito, na sauti ya mwalimu ilianza kuwa mbali. Mama Sufi aliyaacha macho yake yapumzike ubaoni. Hapo juu paliandikwa kwa herufi kubwa: JUA BIASHARA YAKO. Mstari wa mwanga kutoka dirishani ulikuwa umelala juu ya neno la kwanza, ukilichoma mpaka likawa jeupe, na maneno mawili ya mwisho yalibaki kivulini. Aliyasoma mara moja. Akayasoma tena. Kifuani pake kitu kiliumuka.

"Wewe mama uliye karibu na dirisha," mwalimu aliuliza, "hayo maneno ya juu yana maana gani kwako?"

Mama Sufi alisimama. "Ni kweli kabisa, mwalimu. Bila jua mimi sina biashara. Ila sikujua kwamba na wenzangu wote hapa ni hivyo hivyo."

Darasa lilipasuka. Fundi viatu alicheka mpaka akashika meza. "Mama, ni *kujua*! Jua biashara yako, uijue!" Hata mwalimu alicheka, mkono mdomoni. Wifi peke yake hakucheka, alimgeukia fundi viatu akamwambia, "Wewe unayejua, mbona soli zako zinabanduka?"

Lakini mwalimu aliacha kucheka kabla ya wengine. Alirudi ubaoni, akayatazama maneno yake mwenyewe kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine.

"Mama, unashona nini?"

"Mito na magodoro ya sufi."

"Na jua linakutosha?"

"Zamani. Siku hizi hapana."

"Basi sikilizeni," mwalimu aliwaambia wote. "Kila biashara ina kitu kimoja kisichotosha. Wengine ni mtaji, wengine ni nafasi, wengine ni mikono. Hicho ndicho cha kuhesabu kwanza. Mimi sijawahi kumfundisha mtu kuhesabu jua. Lakini mama, jaribu. Kila jua moja likizama, weka alama: limetumika kwa kazi gani? Na kila kazi imebakisha shilingi ngapi baada ya kutoa gharama? Usibahatishe. Mwisho wa mwezi vitu hivyo viwili vikutanishe, uone vitasemaje."

Njiani kurudi, aibu ya Mama Sufi ilikuwa imeshaisha. Aliona tu mwanga ule juu ya neno.

Daftari hakutaka, alisema likikaa uani litajaa sufi na likikaa ndani litasahaulika. Alifunga kamba mpya kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo. Kila siku ya jua, jioni, alining'iniza kipande cha kitambaa: cha mistari kama mkeka ulikuwa na kazi ya godoro, cha maua kama ulikuwa na kazi ya mito. Hela za magodoro aliziweka ndani ya foronya ya mistari, za mito ndani ya foronya ya maua, na gharama ya kila kazi ilitoka kwenye foronya yake. Hata sukari ikinunuliwa, wifi alilazimika kutamka kwa sauti imetoka foronya gani.

"Yaani nikinywa chai nijitangaze kama redio," wifi alilalamika.

Yeye mwenyewe alipewa kazi moja zaidi. Kila akimwambia mteja wa mito arudi keshokutwa na mteja asirudi, apige fundo kwenye uzi mnene uliofungwa pembeni. Alikubali kwa kiburi, akidhani mafundo hayatafika mawili.

Mwezi ulipita namna hiyo. Upepo ukija, vipande vilipepea juu ya sufi iliyolala, na mtu aliyepita kichochoroni angedhani wanajiandaa kwa sherehe. Mistari, mistari, mistari, maua. Mistari, mistari, mistari. Mama Sufi alivitazama akiwa anachambua mbegu na hakuvielewa bado, lakini vilianza kumwingia usingizini. Aliota yuko ndani ya kioo chake, na badala ya sufi vilikuwa vinaelea vitambaa vya mistari, vimeziba mwanga.

Siku moja kabla ya mwisho wa mwezi, alimwita binti yake. Huyu wanamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, mahali penye kompyuta. Alihesabu vitambaa, akamwaga foronya zote mbili, akahesabu mafundo, akaenda nayo yote kazini kichwani na kwenye karatasi. Alirudi jua likiwa bado kwenye ncha ya ukuta. Walikaa watatu kizingitini.

"Mama, nimeshapanga. Godoro moja, ukitoa sufi, kitambaa na uzi, linabakisha elfu thelathini."

"Si nilisema!" Mama Sufi alipiga paja.

"Subiri. Mkeka mmoja wa sufi ya mito unatoa dazeni. Dazeni hiyo, ukitoa gharama, inabakisha elfu thelathini vilevile."

Wifi alishtuka. "Thelathini ya mito? Mbona mimi sijawahi kuiona?"

"Umeiona, shangazi. Ilikuja imevaa sura ya sukari."

"Mtoto huyu amerithi mdomo wangu," wifi alisema, nusu kwa hasira, nusu kwa fahari.

"Basi ni sawa kwa sawa," Mama Sufi alisema. "Thelathini na thelathini. Godoro lina heshima zaidi."

Kitinda alinyoosha kidole kwenye kamba. "Ni sawa kama jua ni bure. Mito inataka jua moja. Godoro linataka la kuotesha sufi, kisha likishajazwa unalianika upande huu siku nzima, upande ule siku nzima. Majua matatu."

"Majua!" wifi alicheka. "Lugha gani hiyo? Jua si liko moja tu?"

"Kwa Mungu liko moja. Kwetu kila siku tunatumia lingine. Mama, jua moja likienda kwa godoro linakupa elfu kumi. Likienda kwa mito linakupa thelathini. Na mafundo ya shangazi..."

Wifi aliutazama uzi wake. Ulikuwa mfupi kuliko ulivyokuwa, kwa sababu mafundo yalikuwa yameula. Akaushika mkononi akanyamaza, na hilo halikuwa jambo la kawaida.

Kivuli cha ghorofa kilikuwa kimeshafika miguuni pao.

"Unaniambia baba yako alikuwa anakula hasara?" Mama Sufi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hapana, mama. Baba alikuwa na uwanja mzima. Mikeka mitatu. Jua lilimtosha, hata angefanya magodoro matupu asingemfukuza mtu wa mito. Hesabu ya baba ilikuwa sahihi kwa jua la baba."

"Na duka la kioo?"

Kitinda aliinamisha kichwa. Alikuwa amesubiri swali hilo na alikuwa ameliogopa. "Laki tatu ni mikeka kumi ya mito kila mwezi, kabla hatujala. Na kule mkeka utautandika wapi?"

Unyuzi wa sufi ulipanda juu ya ukuta, ukapanda zaidi, ukafika juu ya kivuli, na kule juu ukawaka.

Wapo wanaodhani takwimu ni kitu baridi. Mimi nasema hawajawahi kukaa kizingitini na mwanamke anayesikia kwa tarakimu kwamba ndoto yake haimtoshi. Zile tarakimu zilimchoma kama maji ya moto. Lakini zilikuwa zake, zimetoka uani kwake, vitambaa vyake na mafundo ya wifi yake, na kwa sababu hiyo hakuweza kuzibishia kama ambavyo angewabishia watu.

Kesho yake alipiga moyo konde akaenda barabara kuu, wifi akimfuata nyuma akilalamikia magoti. Walisimama mbele ya kioo. Ndani palikuwa patupu, sakafu imefagiliwa. Mama Sufi aliona sura yake ikielea juu ya sakafu ile, na kichwani mwake sufi ya asubuhi. Aliweka kiganja kwenye kioo, mahali pale. Kilikuwa cha baridi. Kibaraza cha ghorofa ya juu kilikuwa kinakinyima jua.

Funguo zililia nyuma yao.

"Mama Sufi! Umeleta hela?" Mzee wa Funguo alifungua mlango. "Karibu, karibu kwako."

Aliingia. Alisimama mahali ambapo kile kitanda kilikuwa, akafumba macho. Kwa kitambo alikuwa tena mchumba, na taa imewaka. Alingoja kusikia sauti ya mumewe. Alichosikia ni maji yanayotembea kwenye bomba ukutani, yakipanda.

"Mzee, maji haya yanaenda wapi?"

"Juu, kwenye tangi."

"Juu kuna nini kingine?"

"Kuna njiwa. Paa tupu la zege. Kwa nini?"

"Naomba nipande."

"Kupanda!" wifi alisema. "Na magoti haya?"

Walipanda. Wifi alitaja kila ngazi kwa jina baya. Mlango wa juu ulikuwa wa bati na ulikuwa na kutu, na ufunguo wake ulikuwa wa mwisho kujaribiwa kati ya zote. Ulipofunguka, mwanga uliwapiga usoni wote watatu wakarudi nyuma.

Paa lilikuwa pana na jeupe, halina ukuta mrefu, halina mti, halina kitu kinachosimama kati yake na mbingu isipokuwa lile tangi. Chini, upande wa nyuma, Mama Sufi aliuona uwanja wake. Ulikuwa mdogo kama leso, nusu yake imezama gizani. Akaona mkeka. Akaona kamba na vitambaa. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe iliyosimama kwenye mwanga, akaelewa kilichokuwa kimetokea miaka yote ile. Jua lake halikupotea. Lilihamia huku.

"Sitaki kioo, baba," alisema. "Nataka paa."

Mzee wa Funguo alicheka mpaka funguo zikacheka naye. "Paa la nini? Huku kuna nini cha kukodi?"

"Jua."

"Jua ni la Mungu, mama!"

"Ni la Mungu. Ngazi ni zako."

Mzee alikuna kidevu. Biashara ilikuwa imeshamwamka machoni. "Haya. Laki moja kwa mwezi."

Mwezi mmoja kabla, Mama Sufi angekubali, au angekimbia. Angebahatisha. Sasa aliitazama laki moja ile kwa utulivu wa mtu anayepima kitambaa. Alijua jua moja la mito linampa nini. Alijua pia, kwa sababu kamba ilimwambia, kwamba kuna siku mawingu hukaa na hakuna kitambaa kinachofungwa.

"Mwezi wa mvua nitakulipa kwa kutazama mawingu? Hapana. Nitakulipa kwa jua. Kila siku nikitandika, elfu tatu yako. Nisipotandika, hakuna."

"Elfu tatu! Kwa paa zima?"

"Jana lilikupa ngapi?"

Mzee aligeuka kulitazama paa lake. Njiwa alitembea juu ya tangi.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mawingu yakija, na mimi sipati?"

"Na wewe hupati."

"Yaani nikae nyumbani kwangu namwombea Mama Sufi jua?"

"Tutaomba pamoja," wifi alisema. "Yule anayekuja kuomba dua kwetu tutamleta kwako."

Walikubaliana elfu tatu na mia tano, na mzee akadai mto mmoja juu yake, naye akapewa.

Duka la kioo alipewa kijana wa simu. Alilijaza taa za rangi. Mama Sufi hupita pale kila asubuhi akiwa amebeba wavu, na hupunguza mwendo kidogo; nisiseme kwamba haumii. Kisha huzunguka upande wa ngazi. Juu hutandika mikeka mitatu, kama zamani. Magodoro bado hushona, kwa anayeagiza, lakini bei yake ina majua matatu ndani, na mteja akiuliza kwa nini limepanda, wifi humwonyesha angani. Wengi hucheka, wachache hulipa. Mito haiambiwi tena keshokutwa. Nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya barabara imeagiza ya vyumba vyake vyote. Akiba iko palepale ilipokuwa, na uzi mpya wa mafundo umebaki mrefu.

Siku ya kwanza walipokuwa na nafasi iliyobaki, Mama Sufi alishuka bila kusema, akarudi amejitwika kitu kinachoning'inia pande zote mbili. Lilikuwa godoro la chumbani kwake, la mwisho alilolishona marehemu kwa mkono wake. Miaka yote hiyo lilikuwa halijaanikwa, maana uani daima palikuwa na magodoro ya watu. Lilikuwa bapa kama chapati, limeshika umbo la mtu mmoja upande mmoja, na upande wa pili umbo la mwingine, hafifu.

Alilitandika ukingoni, upande wa barabara kuu. Chini yake, ghorofa kadhaa chini, kulikuwa na kile kioo.

Jua lilipanda. Wao wawili walikaa kwenye kivuli chembamba cha tangi, wakalitazama likianza kuumuka, kwanza kwenye kona, halafu katikati, yale maumbo mawili yakijaa taratibu mpaka yakawa uso mmoja. Sufi ilielea. Mji chini ulikuwa unasema mambo yake. Mama Sufi alifumba macho, na safari hii sauti ilikuja yenyewe, wala haikuwa na haja ya kuitwa: *litalala hapa*.

Chini mlangoni walisikia funguo. Mzee wa Funguo alikuwa ametoka nje, kama kila asubuhi siku hizi, amekinga macho kwa mkono, anakagua mbingu.

"Limetoka!" alipaza sauti kuelekea juu, kana kwamba amelileta yeye.

Jioni wifi alisimama kwenye kamba, ambayo siku hizi imefungwa huko huko paani kwenye tangi, kitambaa mkononi, akasita.

"Mikeka miwili ya mito, maua mawili. Na hili la kaka yangu? Hili si la kuuza. Nifunge au nisifunge?"

Mama Sufi alilifikiria. Alikuwa analikunja godoro, limekuwa zito kwa joto, limemjaa mikononi kama mtu.

"Funga," alisema. "Kitambaa cha mistari. Hili nalo ni jua, na gharama yake nitaitoa mfukoni mwangu."

Wifi alifunga.